Maziwa Yasiyotiwa Chumvi

Mimi nimekula mtindi na matango ya mataifa manne bila kutoka Bariadi. Wanaopanda ndege kwenda kuona dunia waende salama. Mimi dunia ilinifuata jikoni, ikavuta kiti, ikauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi.

Sijigambi. Ningekuwa na uwezo ningeirudisha dunia hiyo ilikotoka pamoja na vitunguu swaumu vyake, kwa sababu ndiyo iliyonifikisha mahali ambapo mama yangu mzazi aliacha kula chakula cha mkono wangu. Mpishi mwenye miaka kumi na sita kazini, ninayesifiwa na Wahindi na Waturuki, nikakaa mwaka mzima na nusu nikimwomba mama yangu aonje hata kijiko kimoja. Kisa chenyewe ndicho hiki. Anayetaka mapishi atayakuta humo humo njiani, ila asiniulize vipimo, mimi napima kwa jicho.

Naitwa Philomena. Niliingia kazini mwaka 1982, kwenye nyumba ya wageni ya unioni, yaani ushirika wa wakulima wa pamba, jirani na jineri ya kuchambulia pamba. Enzi hizo wageni walikuwa wakaguzi, mabwana shamba na wajumbe wa mikutano: watu wa wali na kuku, wenye maneno mengi, na sahani zao zilirudi jikoni hazina hata mfupa. Kisha likaja soko huria. Pamba ikawa ya yeyote mwenye mizani na gunia, unioni ikabaki na mhuri na madeni, na jineri ikakodishwa kwa kampuni. Wenzangu wengi walipunguzwa kazi asubuhi moja, wakasimama getini wameshika barua wasijue waelekee wapi. Mimi nilibakizwa, maana mwenye kampuni alisema wageni lazima wale. Masunga, mume wangu, alikuwa ameshafariki, watoto hatukujaliwa, kwa hiyo kazi ile ndiyo ilikuwa kila kitu changu, pamoja na mama.

Wa kwanza kufika, mwaka 1995, alikuwa Bwana Jayanti, fundi mkuu wa mitambo, Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Nyama hali, samaki hali, na yai likiwekwa mezani anasogeza kiti mbali. Siku ya tatu, baada ya kula maharage mara sita, akanijia jikoni mwenyewe.

"Mama Philo, mtindi hakuna mji huu? Mji una ng'ombe kuliko watu, mtindi hakuna?"

"Upo, lakini hauuzwi dukani."

"Basi uko wapi?"

Ulikuwa kwa mama. Mama yangu, Milembe, aliishi kijijini upande wa Dutwa, peke yake, na ng'ombe mmoja aliyeitwa Nyanzala. Mji ule wa mama uliwahi kuwa na ng'ombe ishirini na saba. Wengine walitolewa mahari na kaka zangu, ambao nao walihamia Geita kwenye dhahabu wakatusahau. Wengine walikufa. Nyanzala alikuwa mjukuu wa ng'ombe wa mahari yangu, wale aliowaleta Masunga, na mama alimtunza kwa heshima ambayo sisi watoto hatukuwahi kuipata. Alimwamkia asubuhi kabla ya kumwamkia mtu.

Jumapili ile baada ya misa nilipanda lori la pamba hadi kwa mama. Nilimkuta anasukasuka kibuyu cha maziwa magotini, huku anaimba polepole.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, ng'wana wane. Umekonda. Hao matajiri wako hawakupi unachopika?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku akisuka maziwa, kisha akauliza swali moja tu, lile nililokuwa naliogopa tangu ndani ya lori.

"Wanakula na chumvi?"

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Kwa mama, maziwa ya ng'ombe aliye hai hayakutiwa chumvi. Nyama, sawa. Mboga, tia upendavyo. Lakini maziwa, hapana. Alifundishwa na mama yake kwamba chumvi ikigusa maziwa, ng'ombe aliyeyatoa anakauka, kiwele kinapasuka, kisha anakufa, na zizi halipati mwingine. Mtindi wetu sisi tulikula hivi: tango linamenywa, yale matango ya mviringo yanayojiotea katikati ya pamba, linavunjwa kwa mkono vipande vipande ndani ya kibakuli, unamimina mtindi juu, basi. Unakula na ugali wa mtama au unakunywa shambani jua likiwa kali. Ni chakula cha baridi, kina uchachu, na mwisho wake tango linakuachia utamu kidogo kooni.

"Hawali na chumvi, mayu," nikasema.

Nilidanganya mchana kweupe, na rozari shingoni. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma hadi darasa la saba, nimebatizwa. Nilijiambia mambo ya chumvi ni ya wazee. Tena nilijua kabisa Bwana Jayanti bila chumvi hali kitu. Lakini nilitaka kazi yangu, na nilitaka kusifiwa, hilo nalo niliseme.

Tukakubaliana hivi. Mayige, jirani yake mama mwenye baiskeli, ambaye huja mjini kila Jumatano na Jumamosi kuuza mkaa, atakuwa anabeba kibuyu cha mtindi. Mimi nitakirudisha siku hiyo hiyo jioni akienda kwake. Na kibuyu cha maziwa hakirudishwi kwao kikiwa kitupu. Unabakiza mtindi kidogo chini, kwanza kwa heshima, pili kwa sababu ule uliobaki ndio unaogandisha maziwa mapya. Hukioshi kwa sabuni, hukikaushi juani, hukijazi kitu kingine. Hata mtoto wa Kisukuma anajua hilo.

Bwana Jayanti akanifundisha chakula chake, akakiita raita. Tango linakunwa, linakamuliwa kidogo. Bizari nyembamba inakaangwa kavu kwenye kikaango mpaka inukie nyumba nzima, inasagwa. Pilipili mbichi, kotmiri, chumvi, vyote kwenye mtindi. Nilionja nikashangaa. Mtindi niliokua nao, tango nililokua nalo, wamekutana wakazungumza lugha nisiyoijua. Niliupenda. Jambo hili ndilo lililonisumbua baadaye kuliko yote, kwamba niliupenda.

Msimu uliofuata akaja Bwana Orhan, Mturuki, mnunuzi wa pamba nyuzi, mtu mrefu mwenye masharubu na hasira za karibu. Kuona raita mezani akapiga meza kwa furaha.

"Jajik!" akasema. "Huyu ni jajik! Lakini mmemharibu!"

Akavua koti, akaingia jikoni kwangu bila hodi. Tango akalikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi. Kitunguu swaumu akakitwanga na chumvi mpaka kikawa uji. Nanaa kavu alikuwa nayo kwenye sanduku, ameifunga ndani ya soksi, ndiyo, soksi. Kisha akafanya kitu kilichoniuma: akamwaga maji kwenye mtindi wa mama, gilasi mbili nzima, akakoroga, akaweka kwenye friji la mafuta ya taa. Wakanywa kwa kijiko kama supu. Sikuamini kwamba mtu atoke nchi yake, ajenge majumba ya marumaru, halafu anywe maziwa yenye maji kama aliyepunjwa. Nikaonja. Siku ya joto, kilikuwa kitamu.

Mwezi Julai mwaka 1996 akaja wa tatu, Mgiriki mmoja mzee kutoka Arusha mwenye malori. Hakukaa zaidi ya siku nne, na jina lake lilinishinda. Siku ya kwanza tu akakuta jajik ya Orhan, akainusa, akacheka kwa dharau. Huyu naye, eti chakula hicho ni chao, Waturuki walikiiba na kukitia maji. Cha kwao, zajiki, mtindi unafungwa kwenye kitambaa unaning'inizwa uchuruzike mpaka uwe mzito kama ugali laini. Tango linakamuliwa hadi tone la mwisho. Kitunguu swaumu, mafuta, siki kidogo, chumvi. Unachota na mkate.

Orhan akainuka mezani. Maneno waliyoambiana siyajui, ila yalikuwa ya mababu. Bwana Jayanti, ambaye alikuwa mtu wa masihara, akachochea kuni: wote wawili, akasema, wamejifunza kwa Wahindi. Basi hapo ndipo lilipoamuliwa shindano. Jumamosi, mabakuli matatu, na mimi niwe mwamuzi.

"Na cha kwenu je, Mama Philo?" akauliza Jayanti. "Wasukuma hamna?"

"Cha kwetu hakina kitu," nikajibu. "Ni mtindi na tango tu."

Wakacheka, nami nikacheka. Niseme ukweli, niliona aibu. Nilikionea aibu chakula kilichonilea mbele ya watu wanaogombania maji na kitambaa. Na pale pale, nikiwa bado nacheka, niligundua kitu ambacho ningepaswa kukifikiria zaidi. Hao watatu, kwa ugomvi wao wote, walikuwa kitu kimoja. Huyu na bizari, huyu na maji, huyu na kitambaa, lakini wote wanatia chumvi. Mtu pekee niliyemjua ambaye hakutia alikuwa mama.

Jumamosi Mayige alileta kibuyu, kikubwa kuliko siku zote. Mama alikuwa ameambiwa kuna wageni wengi, akajinyima, akajaza. Nilipika siku nzima. Mgiriki aliponing'iniza sehemu yake kwenye kitambaa, nusu yake ikachuruzika. Orhan akadai zaidi. Jayanti naye asikubali kupunjwa. Nikainamisha kibuyu, nikakigonga kwenye kitako, nikakimaliza. Hata mimi sikuona kuwa nimekimaliza mpaka niliposikia kengele ya baiskeli ya Mayige nje, anaita, jua linazama, ana safari.

Kibuyu kilikuwa kitupu kabisa.

Nilisimama nacho pale jikoni. Ningeweza kumwambia Mayige, mwambie mama nimesahau, nimemaliza. Mama angesema tu, "Philomena ana haraka," yangeisha. Lakini kurudisha kibuyu kikavu kwa mama yako, kama mtu asiye na kwao, ni fedheha, na Mayige angekitikisa njiani, angejua, angesema kijijini. Juu ya meza kulikuwa na bakuli la Jayanti, nilikuwa bado sijatia bizari wala pilipili. Mtindi mweupe, safi, wa mama. Chumvi ndiyo nilikuwa nimeshatia.

Nilijua. Asinitetee mtu. Nilichota vijiko vinne, nikavimimina kibuyuni, nikaziba, nikampa Mayige. Nilisema moyoni, kidogo hiki nani atakionja.

Shindano lilikwisha bila mshindi, maana Orhan na Mgiriki hawakusubiri hukumu yangu, waligombana tena kwa habari ya bei ya pamba.

Jumatano Mayige alikuja na mkaa bila kibuyu. Alishusha magunia, kisha akasema mama ananisalimu.

"Na mtindi?"

"Amesema hakuna." Akajikuna kichwa. "Dada, alimimina maziwa ya asubuhi mle, akaonja kesho yake. Kibuyu amekivunja. Mimi sikuuliza."

Nilitaka kwenda siku hiyo hiyo. Sikwenda. Msimu ulikuwa umepamba moto, wageni wanakula mara tatu kwa siku, nikajisemea nitakwenda Jumapili, kisha Jumapili nyingine. Wiki ya tatu Mayige akaja siku isiyo yake, bila mkaa. Nyanzala ni mgonjwa, akasema, na maziwa yamekauka.

Nilikwenda na Novatus, bwana mifugo, niliyemwombea lifti kwenye gari la kampuni. Tulimkuta Nyanzala amelala kivulini, macho yanatoka machozi, anahema kwa shida, na tezi chini ya masikio zimevimba. Ndama wake alikuwa amekufa juzi yake. Novatus alimwinua sikio akanionyesha kupe wamejipanga.

"Ndigana," akasema. "Ng'ombe wenu wameogeshwa lini mara ya mwisho?"

Josho la kijiji lilikuwa na miaka miwili halina dawa, tangu ilipotangazwa kwamba kila mfugaji ajinunulie. Lilikuwa shimo la maji ya mvua na vyura. Novatus alimdunga sindano aliyokuwa nayo, akasema tumechelewa. Kisha akamweleza mama kwa upole na heshima, akimwita mayu, habari za kupe na ugonjwa unavyoingia kwenye damu. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akamshukuru, akampa kigoda akae, akamtafutia viazi vya kuondoka navyo. Alipokwisha kwenda kwenye gari, mama akaniambia bila kupandisha sauti:

"Yule anajua kupe. Mimi najua chumvi."

Nyanzala alikufa kesho yake. Nilipiga magoti mbele ya mama nikamwambia yote, kuanzia uongo wa siku ya kwanza. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu, "Nimesikia, ng'wana wane," akaendelea kupepeta mtama. Mchana nilipika ugali na mlenda, nikamwekea. Hakugusa. Aliamka, akaenda kwenye kihenge chake, akatoa matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, akaloweka, akala peke yake nyuma ya nyumba.

Ndivyo ilivyoanza. Mwanzoni mwa mwaka 1997 nilimhamishia mjini kwangu, maana hakuwa na kitu tena kule cha kukaa nacho. Alikubali kuja. Alikubali kulala kitanda nilichomnunulia, alivaa kitenge nilichomletea, aliniamkia kila asubuhi na kuniuliza nimeamkaje. Ila chakula changu hakula. Alijiwekea mafiga matatu uani, akawa anapika mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini na kitu anapuliza moto wakati mimi niko ndani na jiko la mkaa na sufuria saba. Siku mgongo ulipomkataa, jirani yetu Joyness ndiye aliyempikia, na kwa Joyness alikula vizuri tu.

Nilijaribu hila. Nilipika ugali kwangu, nikampa Joyness apeleke kama ni wake. Mama alimega tonge moja, akaliangalia, akalirudisha.

"Huu ni wa Philomena. Mrudishie, asije akakosa chakula."

Kazini nilikuwa nalisha watu kumi na wanne. Nikirudi nyumbani nakuta mama yangu anatafuna kiazi kikavu. Nilikasirika, sifichi. Siku moja nilimfokea, nikamwambia ananikomoa, ananiaibisha mbele ya majirani, ng'ombe amekufa kwa ugonjwa na hata mtoto mdogo anajua. Aliendelea kupuliza moto wake mpaka nikaishiwa maneno. Nilikwenda kwa padri kuungama, na padri akaniambia chumvi kwenye maziwa si dhambi, uongo ndio dhambi, nisali Salamu Maria tatu. Nilisali thelathini. Nilipata mshahara, nikanunua bati za kuezeka chumba chake, nikanunua godoro, nikanunua redio apate taarabu na mahubiri. Kila mwisho wa mwezi nilileta kitu kipya nikiwa na matumaini kwamba hicho ndicho kitakachomlainisha. Alishukuru kwa kila kimoja. Kisha alitoka, akakaa kwenye ngazi, akawaangalia ng'ombe wa watu wakipita barabarani kwenda mnadani. Aliwaangalia mmoja mmoja, hasa mitamba, majike wachanga ambao hawajazaa.

Niliyaona hayo kwa macho yangu mawili na sikuelewa.

Ikaja ile mvua kubwa iliyovuka mwaka, iliyokata madaraja na kuozesha pamba mashambani. Kampuni ilifunga jineri kabla ya msimu, Jayanti akarudi Mwanza, Orhan alikuwa ameshakwenda zake bila kuaga. Nyumba ya wageni ikatiwa kufuli, na mimi nikapewa barua yangu kama wenzangu. Mwezi huo huo mama akaanguka. Zahanati walisema malaria na uzee na damu kidogo, wakampa dawa, wakasema apewe chakula. Joyness alikuwa kwao Nassa kwenye msiba, na barabara imekatika. Mama hakuweza kusimama. Nyumba nzima ilibaki na mikono miwili ya kupika, nayo ilikuwa yangu.

Siku ya kwanza alikunywa maji. Siku ya pili maji. Siku ya tatu nilikwenda sokoni, nikapata mtindi kwa mama mmoja aliyeuweka kwenye chupa ya maji ya dukani, na nikatafuta matango ya mviringo mpaka nikayapata. Nilimenya tango, nikalivunja kwa mkono, kisu sikukigusa. Nikamimina mtindi. Nikaenda nikakaa sakafuni karibu na kitanda chake, nikainua kibakuli akione.

"Mayu, kama unavyokula wewe. Sijatia chumvi. Naapa kwa Mungu, sijatia."

Aliangalia kibakuli kwa muda. Kisha akaniangalia mimi.

"Tia."

"Nitie nini, mayu?"

"Chumvi. Si ndiyo wanavyokula wageni wako? Tia."

Nilidhani ni homa. Nikamwambia hapana, siwezi, sitarudia tena, na kwamba najua amenikasirikia na nimekubali kosa. Uso wake ukaonyesha mshangao, mshangao wa kweli.

"Nikukasirikie kwa nini? Wewe ni mwanangu." Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa fupi. "Zizi lililoingiwa na chumvi, mwenye zizi anajitunza. Hali kwa mkono uliotia, mpaka ng'ombe mwingine aingie. Akila, ng'ombe haji tena. Nilikuwa nasubiri, Philomena. Nilijua wewe una kazi, utaleta mtamba. Hata mdogo. Nilikuwa nawaangalia wanapopita, nasema labda yule." Akafumba macho. "Sasa hata akija, nani atamkamua? Tia chumvi, nile na mwanangu."

Bati, godoro, redio. Mwaka mmoja na nusu nilimnunulia kila kitu mtu anachoweza kupakia kwenye baiskeli, na kitu alichokuwa anakingoja kilikuwa kinapita mlangoni kwetu kila siku ya mnada, kwa miguu yake. Wala hakuniomba, kwa sababu mtunza zizi haombi, na kwa sababu aliamini mimi ni Msukuma kama yeye na ninajua. Nilikuwa nimejifunza tango la Mturuki na la Mgiriki. La kwetu sikujifunza zaidi ya kulivunja.

Nilileta chumvi. Nilitia kidogo sana, kwa vidole viwili, akasema haionekani, ongeza. Nikaongeza. Nikamwinua kichwa nikamlisha kijiko cha kwanza. Akaonja, akaling'ata tango polepole na meno aliyobakiwa nayo.

"Kumbe ni tamu," akasema.

Kwa mwaka na nusu nilikuwa nimeomba hicho tu, ale kwa mkono wangu. Sasa alikuwa anakula, na mimi nilitamani asukume kibakuli, akatae kama jana, aombe kiazi chake kikavu. Machozi yalinidondoka ndani ya mtindi, na hakuna aliyejali tena kama yana chumvi. Akamaliza chote, akaniambia nile na mimi, nikala.

Nilimlisha hivyo siku tisa. Kila siku aliomba chumvi iongezwe kidogo. Siku ya kumi, ilikuwa siku ya mnada, nilimkuta asubuhi amegeukia dirishani, na hakuomba kitu.